Choa Mkononi mwa Mwenye Dawa

Drumaleskin,
Kaunti ya Leitrim,
Ayalandi.
Jumapili, 17 Februari 2019

Mpendwa Dada Attracta,

Natumaini barua hii itakukuta wewe na shemeji Clem mkiwa salama huko Perth, goti lako limekubali kukunjika na jua lenu limepunguza ukali. Uliandika kwamba daktari anataka kulipasua. Mmeshapanga tarehe? Usimfiche Clem maumivu kama ulivyotuficha sisi lile jino ulipokuwa msichana, ukatembea na shavu limevimba wiki nzima. Nijibu hilo kabla ya yote.

Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa. Mvua ilianza Krismasi na haijapumzika. Kaka Malachy anakusalimu sana. Bado anakuja kila asubuhi kunywa chai yangu na kulalamika kuwa ni nyepesi, halafu anamimina kikombe cha pili. Picha ya mlimau wako nimeibandika juu ya jiko, na kila anayeingia namwambia kwamba hayo ni malimau ya kweli, yametoka uani kwa dada yangu.

Utanisamehe mwandiko. Nimevaa glavu ya pamba mkono wa kulia, na kila baada ya mistari minne nainuka, nazunguka meza, nachungulia dirishani, narudi. Situlii. Ningekupigia simu, lakini siku hizi husikii vizuri, ningelazimika kupaza sauti, na jambo lenyewe si la kupaziwa sauti. Pia nikishaliandika na kulitia posta, siwezi tena kulikana.

Nianzie hapa: nina choa.

Najua umecheka. Miaka sitini na tisa ndugu yako ni mtoto wa saba wa kiume, aliyezaliwa na dawa mkononi kama watu wanavyoamini huku, watu wanatoka kaunti tano kuja kuponywa choa kwa mkono wake, na sasa mkono wenyewe umeliwa. Cheka umalize, halafu endelea kusoma, kwa sababu huko mbele hakuna la kuchekesha.

Kilianza Oktoba. Nilinunua ndama sita mnadani, wazuri, ila wawili walikuwa na magamba ya kijivu kuzunguka macho. Sikujali. Ndama wakifungiwa bandani majira ya baridi choa huwapata, tumekiona tangu tukiwa watoto. Niliwakumbatia vichwa nikawanywesha dawa ya minyoo. Baada ya wiki mbili duara la kwanza likatokea karibu na kifundo cha mkono, ukubwa wa kifungo cha koti. Likaja la pili. Kisha kikashuka kiganjani na kuingia katikati ya vidole.

Sheria unaijua. Mwenye dawa hajitibu mwenyewe. Ingenibidi niende kwa yule bwana wa Cavan, mtoto wa saba mwenzangu, ambaye kwa miaka thelathini amekuwa akiwaambia watu kwamba dawa yangu ni dhaifu kwa kuwa kati ya Malachy na mimi Mama aliharibikiwa mimba, hivyo hesabu yangu haijakaa sawa. Nimpelekee huyo mkono wangu auzungushie kidole? Heri nijichune ngozi kwa kisu cha mkate.

Kwa daktari wetu hapa mjini nako niliona haya. Chumba chake cha kusubiri kina viti kumi na vinne, na siku yoyote utakuta nusu ya waliokaa ni watu niliowahi kuwatibu. Basi nikafungua kabati la marehemu mke wangu. Unakumbuka Dympna alivyosumbuliwa na ukurutu wa mikono. Nilikuta tyubu mbili za dawa yake ya kupaka, moja haijafunguliwa. Nikapaka. Siku ya tatu wekundu umetoweka na mwasho umelala. Nikajiona mjanja, nikaacha. Kikarudi kipana zaidi, ila safari hii hakikuwa na ule ukingo mwekundu unaokitambulisha. Kilikuwa kimepauka, ungedhani ni ngozi kavu ya mzee. Nikapaka tena, kikalala tena. Nimecheza mchezo huo miezi mitatu, Dada. Kila nikiacha kinarudi, na kila kikirudi kimesogea. Sasa kimepanda hadi kiwikoni na kucha mbili zimekuwa njano.

Watu hawakuacha kuja. Jumatatu na Alhamisi, kama kawaida, wanapitia mlango wa nyuma, wanakaa kwenye benchi la Mama, nazungusha kidole gumba juu ya duara mara tatu, nasema maneno yangu, wanaondoka bila kushukuru, kama sheria inavyotaka. Nami nilifunga kifungo cha mkono wa shati. Mkono wa kushoto haufai, maana ni wa kulia ulioshikishwa nyungunyungu. Nikuulize, kwa kuwa anayejua amebaki wewe tu: yule nyungunyungu uliyemchimbua bustanini siku niliyozaliwa, wakaniwekea kiganjani waone kama atakufa, yaani kama nina dawa, alikufa kweli? Mama alisema alikufa papo hapo. Lakini Mama alikuwa amechoka na mkunga alikuwa na haraka. Sijawahi kukuuliza. Ukitaka kunijibu jibu, usipotaka acha.

Nimeinuka mara tatu kabla ya kuandika jina linalofuata. Doireann.

Mara ya mwisho ulimwona kwenye picha ya ubatizo. Huyo mtoto wa Cathal wangu sasa ana miaka minane, ana nywele za Mama, zile nyekundu nzito zinazovunja vitana. Mwezi Novemba alipata doa nyuma ya sikio, dogo kama kucha yangu. Hushinda na ndama, anawapa majina, anawabusu. Fidelma, mama yake, akasema wampeleke kwa daktari. Fidelma ni mtu wa Dublin, ameolewa huku miaka kumi na mpaka leo akiingia kwangu anauliza akae wapi.

Cathal akamjia juu. "Daktari wa nini? Baba anatibu watu wanaotoka hadi Fermanagh, mimi nimpitishe mwanangu mbele ya mlango wake nimpeleke kwa daktari? Watu watatuonaje?"

Basi wakamleta. Na mimi, Dada, nikiwa na mkono huu ndani ya shati, sikusema kitu. Wekundu haukuwapo, nilikuwa nimepaka dawa ya Dympna wiki nzima. Niliamini nimepona. Au niseme ukweli wote: nilitaka kuamini.

Jumatatu ya kwanza haikuwa na neno. Alhamisi, nilipomaliza, Doireann akashuka benchini, akatengeneza sketi yake na kusema, "Asante, Babu."

Malachy alikuwapo, na chai yake. Aliweka kikombe chini. "Basi, ameshaiharibu."

"Ni mtoto," Fidelma akasema. "Nimemfundisha adabu mwenyewe."

"Dawa haiangalii umri, mama. Ukiishukuru inaondoka."

Wote wakanigeukia mimi. Ningecheka tu, yangeisha. Badala yake nikasema itabidi tuanze upya. Tukaanza upya, mara tatu tena, na kila mara nikauweka mkono huu juu ya kichwa kile. Desemba doa lilipoendelea kupanuka, nikasema labda ile asante bado inazuia. Nililisema mbele ya mtoto, nikijimiminia chai. Tukamrudia mara moja zaidi mwaka mpya ulipoanza.

Katikati ya Januari doa likavimba. Likawa donge laini linalotoa usaha, mtoto akashikwa na homa, na asubuhi moja nywele zikabaki kwenye mto, kishungi kizima. Siku hiyo Fidelma hakumuuliza mtu. Alimfunga kitambaa, akamtia garini, akaenda. Daktari alikwangua ngozi apeleke maabara, akampa vidonge vya wiki nane. Akasema ni choa cha ng'ombe kilichozama ndani, kimekaa sana bila matibabu. Pembeni nywele zitaota. Pale katikati hajui, huenda kovu limeshaziziba. Akasema pia kwamba kila aliyemshika yule mtoto apimwe, kwa kuwa mmoja akiachwa bila kutibiwa kitamrudia, na kikimrudia pale pale matumaini ya nywele yatakuwa yamekwisha.

Fidelma akanipigia simu.

"Baba, samahani kwa kukuuliza. Daktari anataka kujua kama na wewe unacho."

"Sina," nikasema.

"Haya. Nimeuliza tu."

Hiyo ilikuwa tarehe ishirini na nne Januari. Tangu siku hiyo sijakanyaga kwa mwanangu, na ni viwanja vitatu tu kati ya nyumba zetu. Nimesema nina mafua. Mafua ya wiki tatu na siku tatu.

Nilikwenda kwa daktari mwishowe, mji wa mbali nisikojulikana. Nimeingia tu, kwenye kiti cha kwanza amekaa Bernie McGoldrick, niliyemtibu shingo mwaka juzi.

"Colman! Wewe unatafuta nini hapa?"

"Goti," nikasema. Nilikopa goti lako, Dada, nisamehe.

"Goti tu? Mbona umevaa glavu?"

"Baridi."

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alinikwangua kwa kiwembe juu ya karatasi nyeusi, magamba yakaanguka kama unga. Nikamwonyesha tyubu ya Dympna. Akaisoma pande zote mbili. Akaniambia hiyo inatuliza ngozi, haiui fangasi. Inauambia mwili uache kupigana, na choa kinapata nafasi ya kula kwa raha. Miezi mitatu nimekuwa nikikilisha kwa mkono wangu. Amenipa vidonge, kimoja kila siku, na dawa ya kupaka asubuhi na jioni, nipake hadi nje ya ukingo na nisiache hata nikiona ngozi imekuwa safi. Taulo langu peke yangu, lifuliwe kwa maji ya moto. Kucha zitachukua miezi.

Halafu akauliza kama kuna mtu niliyemgusa.

"Wako wengi," nikasema.

"Wangapi?"

"Tangu Oktoba? Kama arobaini hivi."

Akaweka kalamu chini. Ikabidi nimweleze mimi ni nani. Hakucheka, na ningependa angecheka. Aliuliza kama kuna watoto kati yao, nikamwambia yuko mmoja. Akasema, "Basi unajua ukitoka hapa uende wapi."

Nilitoka nikarudi nyumbani. Siku kumi na mbili zimepita.

Malachy ameviona vidonge asubuhi ya leo nyuma ya kopo la sukari. Amevisoma, amekaa, amenitazama bila mzaha, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akanishauri kindugu. "Meza kimya kimya. Mkono utapona, mtoto atapona, nani ataumia? Ukisema, mlango wa nyuma huo ufunge kwa misumari. Yule wa Cavan atacheza ngoma katikati ya barabara." Nami sikukasirika, kwa sababu hayo ndiyo niliyojiambia kwa wiki tatu, neno kwa neno.

Lakini Ijumaa Cathal alisimamisha trekta kwenye geti langu.

"Mafua hayaishi tu, Baba?"

"Yanapungua."

"Doireann anauliza mbona huji." Akageuza uso upande wa banda. "Shuleni wanamkalisha dawati la peke yake. Nyumbani halii kwa sababu ya nywele, unajua? Analia kwa sababu ya ile asante. Anasema yote ameyaleta yeye kwa mdomo wake."

Aliwasha trekta akaondoka. Nimebaki na hayo tangu Ijumaa. Mtoto wa miaka minane amejifunga mzigo wangu mgongoni, na nimemwacha aubebe kwa sababu naogopa watu wanaokaa kwenye viti kumi na vinne. Naona aibu kukuandikia, ila ni kweli. Nisiposema, kitamrudia, hatapata nywele, na atakua akijua kwamba adabu yake ndiyo iliyomnyonyoa. Saa inakaribia tisa alasiri. Nimevaa koti. Nimelivua. Nalivaa tena. Nitaendelea nikirudi.

Jumatatu jioni

Nilikwenda. Sikuweza kuandika jana.

Nianze na ya leo ili niyamalize. Asubuhi alikuja mwanamke kutoka Fermanagh na kichanga begani, mwenye duara shavuni. Nilisimama mlangoni mikono mifukoni. Nikamwambia ampeleke kwa daktari. Mimi mwenyewe ninacho.

"Utani huo," akasema.

"Si utani."

Alinitazama, akatazama benchi nyuma yangu, akamhamishia mtoto bega jingine. "Bibi yangu aliletwa hapa kwako. Sasa sisi twende kwa nani?" Nikamwambia tena, kwa daktari. Aliondoka amekasirika na sikumlaumu.

Baada yake Malachy aliingia, akaketi bila kuomba chai. Nilijua amekuja kunisuta. Akachukua bahasha ya zamani na kalamu. "Haya, tuanze na Oktoba. Wa kwanza alikuwa yule fundi wa mabomba mwenye mapacha." Kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu, huwa anakaa pale jikoni anawasikiliza wote. Tumepata majina thelathini na saba. Nimeshawapigia kumi na moja. Wawili wamenikatia simu, mmoja amenifariji, na Bernie McGoldrick alisema alijua tangu zamani kwamba lile halikuwa goti.

Sasa ya jana. Nilimkuta Fidelma jikoni akichemsha foronya kwenye sufuria kubwa, nyumba imejaa mvuke. Nilipanga maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikavua glavu, nikaweka mkono mezani, nikasema, "Nilikudanganya kwenye simu."

Hakushtuka. Alizima jiko kwanza.

"Nilikiona Krismasi," akasema. "Ulipokuwa ukinipitishia bakuli la viazi. Shati lilipanda."

"Ulijua?"

"Nilishuku. Nikajiambia Baba ni mtu mzima, angekuwa nacho angesema." Alikaa. "Halafu mwaka mpya Cathal akasema tumlete mara moja zaidi, na nikamleta. Nilimshikilia kichwa mimi mwenyewe, Baba. Nikakiinamisha upate kukigusa vizuri."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Kumwambia nani? Kwamba mwenye dawa ni mgonjwa? Miaka kumi naogopa kukosea katika nyumba hii. Hata kikombe sijui nichukue kipi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyaweza. Nilikaa pale na mkono wangu juu ya meza, naye akiutazama, tukalia wote wawili, kila mtu na upande wake. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Aliinuka, akaenda kwenye friji ambako kuna karatasi yenye majina ya waliokwisha kupimwa, akaandika "Babu" chini kabisa na kuuliza nimeanza vidonge tarehe ngapi.

Cathal aliingia kutoka bandani mabuti yakichuruzika, akasikiliza amesimama. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Watu arobaini, Baba," akatoka. Bado hajasema nami. Leo nimeona gari la daktari wa mifugo kwake, nadhani amewachanja ndama wote, na mbao za banda zimesuguliwa. Nampa muda. Ni mwanangu, na nilimfanya ajivunie kitu ambacho sikukilinda.

Nimeliacha hili la mwisho makusudi.

Fidelma alinionyesha mlango wa sebule kwa kidevu. Doireann alikuwa kwenye kochi, kofia ya sufu imeshushwa hadi nyusi, blanketi lake, taulo lake, kikombe chake chenye jina. Amekonda. Aliponiona alivuta miguu akajibana kwenye kona ya mbali.

"Usije karibu, Babu. Hairuhusiwi."

Nilibaki pale nilipo, nikamwambia nikiwa nimesimama. Nikamwambia asante yake haikuharibu kitu. Niliwahi kusema imeharibu, na nilikosea. Choa kilikuwa mkononi mwangu kabla hajaja kukaa kwenye benchi, nikakificha, nikamshika nacho kichwa. Mama yake aliponiuliza nikadanganya. Nikamwambia kwamba mafua sikuwa nayo, nilikuwa nikimkimbia yeye.

Alinikazia macho. Uso wake wote uko kama wa Mama alipokuwa akifikiria la kukufanya.

"Kwa hiyo hata ningesema mara mia?"

"Hata mara elfu. Ulikuwa na adabu, na ulisema vizuri."

"Nilifikiri huji kwa sababu unaniona mchafu."

Nilitikisa kichwa tu. Akanyoosha shingo kidogo kutoka kwenye kona yake.

"Nionyeshe."

Nikakunja mkono wa shati. Aliukagua toka kiwikoni hadi kwenye kucha, akihesabu kwa midomo.

"Chako kimezidi changu."

"Kimezidi, ndiyo."

"Kinakuwasha?"

"Mpaka nashindwa kukaa kitini."

"Na mimi. Lakini mimi hawaniruhusu kujikuna." Akazinyooshea kidole kucha zangu. "Unameza vidonge?"

"Kila siku."

Basi akavua kofia. Fidelma ananiambia hajamvulia mtu yeyote zaidi yake, hata baba yake. Nililiona lile doa lote, waridi, linang'aa, kubwa kama kiganja changu kilivyo. Sikugeuza macho, ingawa nilitaka. Kisha akaliburuta blanketi lake, akasogea, akapiga kochi kwa mkono pale palipobaki wazi.

"Basi wewe unaweza kukaa hapa. Ni wewe peke yako unayeruhusiwa."

Nikakaa.

Daktari atamwangalia tena Pasaka ndipo tutajua kama katikati kutaota kitu. Komunyo yake ya kwanza ni Mei, na shela ipo, iwe kuna nywele au hakuna. Muombee, Dada, na umwandikie barua yake mwenyewe, anapenda sana kupokea bahasha yenye stempu ya ndege.

Msalimie sana shemeji Clem, umwambie asikuache upande ngazi. Wasalimie Ronan na mkewe, na yule kitukuu ambaye jina lake mmelificha mpaka abatizwe. Malachy anasema umtumie malimau, atajua mwenyewe la kuyafanyia. Fidelma anakusalimu, nilimuuliza leo kwenye simu kama niandike hivyo, akasema niandike.

Mungu akulinde goti na moyo, na atukutanishe kabla hatujazeeka zaidi ya hapa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, kwa mkono huu huu,

Colman